Barua kwa mwanangu: reale ya mzinga

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na baba yako anakusalimu huku akilalamikia mvua. Umeniuliza: kama Wareno walifika Brazil na pwani yetu miaka ileile, mbona kule wanaongea Kireno na sisi wametuachia meza, leso na gereza tu? Na wanaume 168 wa Pizarro, kamanda wa Wahispania, walimkamataje mfalme wa Wainka, watu wa milima ya Andes huko Amerika Kusini?

Nianze na meli, maana zilikuwa zilezile. Mwaka 1500 msafara wa Pedro Álvares Cabral, ukielekea India, ulitia nanga Brazil mwezi wa Aprili, wakakutana na Watupi, wenyeji wa huko, ufukweni. Julai walikuwa Kilwa. Hapo walikuta mji wa mawe, na sultani ambaye hawakuelewana naye. Miaka 5 baadaye Wareno wakarudi na kamanda wao Almeida, wakaipora Kilwa na kuichoma Mombasa. Kwa hiyo usidhani huku walikuja na upole.

Tofauti kubwa mimi naiona kwenye ndui. Majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalikuwa yakija kwetu karne nyingi, na maradhi yalipanda chomboni pamoja na shanga na vitambaa. Watu wa ng'ambo ile hawakuwahi kuiona ndui wala surua. Mwaka 1520 ndui iliingia Tenochtitlan, mji mkuu wa Wamexica (Waazteki) huko Mexico, ikamwondoa mtawala wao mpya Cuitláhuac kabla hajamaliza miezi mitatu. Mji ukaanguka Agosti 1521. Huku maradhi yaliwaonea Wareno wenyewe: Waomani walipoizingira Ngome ya Yesu kuanzia 1696, wengi waliokuwa ndani waliuawa na ugonjwa kuliko upanga.

Lakini ndui peke yake haikuteka mji. Cortés, Mhispania aliyeuteka mji huo, alikuwa na Wahispania mia kadhaa. Nyuma yao walikuja maelfu ya Watlaxcala, majirani waliokuwa wamezingirwa na vita vya Wamexica kwa miaka mingi. Unakumbuka Malindi ilivyowakumbatia Wareno ili kuikomoa Mombasa? Ni yaleyale. Atahualpa naye, yule mfalme wa Wainka uliyeniuliza, alikuwa ametoka kumshinda ndugu yake Huáscar vitani, nchi ikiwa bado imegawanyika. Tarehe 16 Novemba 1532 aliingia uwanja wa Cajamarca akiwa amebebwa kwenye machela, na wengi wa wafuasi wake hawakubeba silaha za vita. Wale 168 walikuwa wamejificha na farasi na mizinga. Akaahidi fidia: chumba kijae dhahabu mara moja na fedha mara mbili. Akalipa, na mwaka uliofuata wakamnyonga.

Ulisema kwenye simu kwamba watu hao "walikwisha". Hapana, mama. Wataino, wenyeji wa kisiwa cha Hispaniola katika Karibea, ndio walioteketea karibu wote, kwa maradhi na kwa kuchimbishwa dhahabu. Wamapuche wa Chile walipigana hadi Wahispania wakakaa nao kikao mwaka 1641 na kuukubali mto Biobío kuwa mpaka. Na ukienda Paraguay leo utasikia Kiguarani, lugha ya wenyeji, sokoni na bungeni.

Kinachoniuma mimi ni Potosí, kilima cha fedha kule Bolivia. Tangu miaka ya 1570 vijiji vya Andes vililazimishwa kutoa wanaume kwa zamu, karibu mmoja kati ya saba, wakaingizwa mashimoni, na wengine wakasafisha fedha kwa zebaki ambayo ni sumu. Fedha hiyo ikageuzwa sarafu, ikazunguka dunia nzima, na mwisho ikafika Unguja. Sarafu za Wahispania zilichorwa nguzo mbili. Wazee wetu walipoziona walidhani ni mizinga, wakaiita sarafu hiyo reale ya mzinga.

Nijibu ukipata nafasi. Na ule muhogo unaousifia ulitoka Brazil, Wareno ndio walioupakia.

Mama yako