Moyo baada ya kuruhusiwa: maswali yenu na majibu

Mume wangu amewekewa stenti, kile kibomba kidogo kinachoweka wazi mshipa wa moyo, na karuhusiwa juzi. Tumepewa dawa tu, hakuna aliyetutajia utengemao, yaani mazoezi na mafunzo ya kumrudishia mgonjwa nguvu. Tuanzie wapi?

Rudini mkaombe rufaa ya maandishi ya utengemao wa moyo pamoja na muhtasari wa matibabu. Usomeni palepale: stenti iko mshipa gani, moyo unasukuma damu kwa asilimia ngapi, figo zikoje, dozi ya kila dawa. Angalieni hasa tarehe ya kuacha dawa ya pili ya kuzuia damu kuganda, ile inayomezwa pamoja na aspirini. Isipoandikwa, vidonge huisha, mgonjwa akadhani amemaliza dozi, na stenti inaweza kuziba ghafla. Asiziache dawa hizo, hata kwa ajili ya kung'oa jino, mpaka daktari wa moyo aseme.

Moyo wangu umedhoofika na miguu huvimba. Kila kliniki inaniambia lake.

Beba daftari moja kila uendako, lenye orodha ya dawa zote. Kliniki ya magoti isiyoiona orodha hiyo inaweza kukuandikia dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni, na hizo hufanya mwili ubaki na maji. Jipime uzito kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kula, kwa mizani ileile. Ukiongezeka zaidi ya kilo 1 kwa siku au 2 kwa wiki, piga simu kliniki siku hiyohiyo. Usingoje miguu ivimbe.

Nitembee kiasi gani?

Anza na dakika 5 hadi 10 mahali tambarare, uongeze kidogokidogo mpaka 30. Mwendo unaofaa ni ule unaoweza kuongea lakini huwezi kuimba. Maumivu ya kifua au kizunguzungu vikija, simama. Maumivu yasipopoa, tafuta msaada wa dharura.

Mimi ni muuguzi. Wagonjwa wetu wakiruhusiwa wanapotea. Tubadilishe nini?

Rufaa isitegemee kumbukumbu ya daktari. Iwe sehemu ya fomu ya kuruhusu mgonjwa. Aondoke na tarehe ya kliniki, ndani ya siku 7 hadi 14, na jina na simu ya muuguzi mmoja anayemfuatilia. Muuguzi huyo apige simu ndani ya siku 3. Akiuliza "unaendeleaje?" atajibiwa "vizuri tu". Afadhali amwombe mgonjwa achukue pakiti za dawa na kumsomea majina moja moja kwenye simu. Hapo ndipo hugundulika kuwa anameza dawa ileile mara mbili, kwa majina mawili ya kibiashara.