Maswali ya Wasomaji: Tundu za Bolti kwenye Faiba

Swali: Asalaam aleikum, mafundi. Boti yangu ni ya faiba, futi 23. Bamba la kufungia kamba lipo ukingoni mwa omo, limeshikwa na bolti 4 za milimita 10, na katikati ya kila tundu ni milimita 15 kutoka ukingo. Faiba hapo ina unene wa milimita 6. Kusi ilipokaza, tundu mbili zilichanika hadi ukingoni na mbili zimerefuka kama yai. Nimeambiwa nitie bolti za milimita 14. Je, ni sawa?
*Msomaji, Mtongwe*

Jibu: Waaleikum salaam. Tafadhali usitie. Bolti zako hazikukatika wala kupinda. Kilichoshindwa ni faiba iliyozizunguka. Ukitoboa milimita 14 mahali palepale, kati ya tundu na ukingo zitabaki milimita 8 badala ya 10 ulizokuwa nazo, na zitachanika mapema zaidi. Ushauri huu twausikia mno, nao unatuuma, kwa sababu anayeufuata hulipia kazi ya kudhoofisha boti yake.

Chuma kikizidiwa hulegea kidogo, na mzigo ukahamia bolti ya jirani. Faiba haina ulegevu huo. Nyuzi hukatika moja baada ya nyingine. Ndiyo maana vipimo vyake ni vikali: kutoka katikati ya tundu hadi ukingo, angalau mara 3 ya kipenyo cha bolti, na baina ya tundu na tundu mara 4 au 5. Kwa bolti zako ni milimita 30 hadi ukingo, na 40 hadi 50 baina yake. Ulikuwa na nusu tu ya unachohitaji.

Kata sehemu iliyochanika. Kwa grainda, saga faiba nzima kwa upande wa ndani iteremke taratibu, mara 12 ya unene, yaani kama milimita 72 kuzunguka jeraha. Mteremko mfupi hubanduka. Futa vumbi, pangusa kwa asetoni, kisha jenga kwa resini (majimaji yanayoganda na kushika nyuzi) ya epoksi, kwani resini ya poliesta mbichi haishiki vyema juu ya faiba iliyokwisha kukauka. Usitumie mati ya kawaida (mkeka wa nyuzi fupi za kioo) na epoksi: gundi inayoshikanisha nyuzi za mati nyingi huyeyushwa na poliesta, si na epoksi, kwa hiyo mati hubaki ngumu na haikai vizuri. Tafuta kitambaa cha kushonwa ambacho nyuzi zake zimelala mshazari, digrii 45, ukipishanishe na cha nyuzi zilizonyooka. Nyuzi za mshazari ndizo zinazozuia tundu kuchanika kuelekea ukingoni. Endelea mpaka unene ufike milimita 10. Hapo kila bolti itaegemea milimita za mraba 100 (kipenyo 10 mara unene 10) badala ya 60.

Kwa joto letu la Mombasa changanya epoksi kidogo kidogo, kwenye chombo kipana. Ikikaa kwa wingi ndani ya kopo hupata moto na kuganda kabla hujaimaliza.

Ikishakauka, sogeza bamba ndani ili upate zile milimita 30. Tundu za zamani zilizobaki zijaze epoksi iliyochanganywa na nyuzi fupi za kioo. Unga mwepesi wa kulainishia hauna nguvu ya kubeba mzigo. Unapotoboa, bana kipande cha mbao kwa nyuma na usisukume keekee kwa nguvu, la sivyo tabaka za mwisho zitabanduka ncha inapotokea. Bolti iingie bila kucheza, na sehemu yake laini, si meno, ndiyo ikae ndani ya faiba, kwani meno husaga tundu kila kamba inapovuta. Kwa ndani weka bamba la chuma cha pua la milimita 4 au 5, si washa ndogo. Kaza vizuri bila kuponda faiba, kisha rudi baada ya siku chache ukaze tena, kwa kuwa resini hunywea polepole chini ya mbano.

Swali: Nikipaka epoksi chini ya bamba kisha nikatia bolti, nguvu zitajumlika?
*Msomaji, Tudor*

Jibu: Hazijumliki. Gundi ngumu hubeba karibu mzigo wote mpaka ipasuke, ndipo bolti zianze kazi. Pima bolti kana kwamba gundi haipo. Chini ya bamba paka silanti ya poliyurethani, izuie maji kupenya.

Swali: Mlingoti wangu ni wa kaboni. Kishikizo cha alumini kimeota unga mweupe kwenye bolti.
*Msomaji, Nyali*

Jibu: Kaboni hupitisha umeme, na ikigusana na alumini penye maji ya chumvi, alumini huliwa. Fungua, safisha, tandika tabaka moja ya faiba ya kioo na epoksi baina yao, na tundu za bolti nazo zipakwe epoksi ndani. Bolti ziwe za chuma cha pua namba 316. Kama alumini imekwisha kuchimbika, badilisha kishikizo chenyewe.