Kipimo cha RSV: babu hapimwi kama mjukuu

Nyinyi mnaoanza kazi ya maabara au wodi hapa Lamu, shikeni jambo hili mwanzo: virusi vya RSV, vinavyoshambulia njia ya hewa, ni vile vile kwa kila mtu, lakini wingi wake puani hutofautiana mno. Mtoto mchanga anayeambukizwa mara ya kwanza makamasi yake hujaa virusi, na anaweza kuvitoa kwa wiki kadhaa. Babu yake ameshaambukizwa mara nyingi tangu utotoni. Vyake ni vichache na huisha upesi. Naye aghlabu huja siku ya tano au ya sita, ameshakunywa tangawizi na kungoja kifua kilegee.

Ndiyo maana kipimo cha haraka cha antijeni, kinachotafuta protini za virusi, humfaa mtoto. Kwa watoto 10 wenye RSV hunasa takriban 8. Kwa mtu mzima huwakosa wengi, hivyo jibu la kutoonekana lisikutulize: mpime kwa PCR, kipimo kinachozidisha vinasaba vya virusi mpaka vionekane, na akitoa makohozi, yachukue pamoja na sampuli ya puani. Makohozi huwafichua wagonjwa ambao pua imewaficha.

Usingoje homa pia. Mtoto wa wiki chache huenda akaletwa kwa kukataa ziwa na kukatika pumzi tu. Uliza kama ana kaka au dada mwenye mafua. Uchunguzi wa KEMRI-Wellcome, kituo cha utafiti wa afya cha Kilifi, kwenye kaya za Kilifi, 2009 hadi 2010, ulionyesha kwamba mara nyingi watoto wakubwa wanaosoma ndio humletea mchanga virusi.

Sasa sampuli yenyewe, maana mashine haiwezi kusoma kisichochukuliwa. Mwambie mama ampakate mtoto, mgongo wa mtoto uegemee kifua chake, mkono mmoja uzuie mikono ya mtoto na mwingine ushike paji la uso. Weka kijiti kando ya uso, usikiguse, upime kutoka tundu la pua hadi sikio. Huo ndio kikomo. Kiingize sambamba na kaakaa, kielekee sikioni, si juu kwenye jicho. Kikikwama mapema usisukume. Toa, ujaribu tundu la pili. Kikifika nyuma kiache sekunde chache kinyonye, kizungushe, kitoe polepole. Kilichogusa mlango wa pua tu hutoka kikavu, na jibu lake litakudanganya. Tumia kijiti cha plastiki chenye kichwa cha nailoni au poliesta; cha mti kinaweza kuvuruga PCR.

Kitie kwenye chupa yenye mililita 2 hadi 3 za maji ya kuhifadhia virusi, ukivunje penye alama. Jina, tarehe na siku tangu dalili zianze viandikwe ubavuni mwa chupa, kamwe si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Kama kipimo cha haraka kinataka kijiti moja kwa moja, usichote humo: umeshazimua virusi.

RSV ina ganda la mafuta, nayo hufa upesi kwa joto. Kabla ya boti ya kwenda Mokowe, upande wa bara, hakikisha kasha la barafu lina nyuzi 2 hadi 8, chupa zimesimama wima, na vipande vya barafu vimefungwa kitambaa visizigandishe. Sampuli ifike ndani ya saa 72. Ikichelewa zaidi inahitaji nyuzi 70 chini ya sifuri. Friza ya kawaida huigandisha polepole na kuiharibu.

Kwenye PCR, tazama kwanza kidhibiti cha kinasaba cha binadamu, yaani alama kwamba sampuli ina chembe za mtu na kipimo kimefanya kazi. Kisipoonekana, na RSV nayo haikuonekana, usitoe jibu: huenda hukuchukua chembe za mgonjwa, au kuna kitu kimezuia kipimo. Omba sampuli mpya. Kumbuka pia kwamba Ct ni mzunguko ambao virusi huanza kuonekana kwenye mashine, na ikiwa kubwa virusi ni vichache; tofauti ya mizunguko 3.3 ya Ct ni takriban mara 10 ya wingi wa virusi, hivyo mzunguko wa 38 ni virusi vichache sana. Rudia kabla ya kuripoti, na usilinganishe Ct za mashine mbili tofauti.

Kwenye karatasi ya majibu andika "RSV haikuonekana kwenye sampuli hii", usiandike "hana RSV". Taja aina ya kipimo, aina ya sampuli na siku ya ugonjwa, ili daktari ajue kama arudie.