Ngeta, kabali na shingo za watu

*Mwalimu, mke wangu ni wa Dar. Nilipomwambia kwamba jirani yetu amepigwa ngeta karibu na Muthurwa hapa Nairobi, akauliza hiyo ni ngumi ya aina gani. Nimjibu nini? – Baba wawili, Umoja*

Si ngumi. Mwambie ni kabali, ataelewa papo hapo. Vijana wa kwao husema pia roba. Mtu anakujia kwa nyuma, mkono unazunguka shingo, kiwiko kinakaa chini ya kidevu, na kabla hujapata pumzi ya kupiga kelele mwenzake keshamaliza mifuko. Kabali limezaliwa na kitenzi kaba, kwa hiyo hata mgeni hubahatisha maana. Ngeta halikupi fununu yoyote. Unalijua kwa kuambiwa, au kwa kupigwa.

Neno lenyewe nalo limepanda cheo. Magazetini mwanasiasa humpiga mwenzake ngeta, nami mwenye nyumba wangu hunipiga ngeta ya kodi kila tarehe 5. Simu haiibiwi, ila pumzi ni ileile.

*Kijana wangu wa kidato cha tatu anadai "mugging" ya Waingereza ndiyo ngeta yetu. Ni kweli? – Mama, Buruburu*

Amekaribia, ila amekosea kiungo. Ngeta ni shingo, "mugging" ni uso. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba katika karne ya 18 Waingereza walitengeneza vikombe vyenye sura ya mtu, "mug" likawa jina la uso, mabondia wakalitumia kwa kipigo cha usoni, mwishowe likawafikia waporaji.

Ndugu hasa wa ngeta ni "garrotting", uporaji wa kukaba shingo, kutoka garrote, kola ya chuma ambayo Hispania ilinyongea watu hadi 1974. Mwaka 1862, baada ya mbunge mmoja kukabwa na kuporwa, London nzima iliingiwa na hofu. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya kuwachapa viboko wakabaji. Jarida la vichekesho la Punch nalo likachora mabwana waliovaa kola za miiba shingoni. Natamani kumwona mtu na kola hiyo Tom Mboya Street saa mbili usiku.

Sasa mwambie kijana sehemu hii. Mwaka 1972 mzee mmoja aliuawa karibu na stesheni ya Waterloo, na magazeti yakaazima "mugging" kutoka Marekani kana kwamba uporaji ulikuwa umefika Uingereza kwa ndege juzi. Mwaka 1978 Stuart Hall, msomi mzaliwa wa Jamaica, na wenzake walionyesha jinsi neno hilo lilivyogandishwa kwa vijana weusi. Nasi tuna yetu: kijana wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, akivaa hudi, watu wanahamisha mikoba bega la pili kabla hajasema hata "sasa".

*Kuna kosa linaloitwa ngeta mahakamani? – Makanga, Kayole*

Hakuna. Utasomewa wizi wa mabavu, na hapo utani unaisha. Kwa kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu, ukiwa na mwenzako mmoja tu, au silaha, au ukimjeruhi mtu, adhabu ni kifo. Kumbuka mara nyingi ngeta haipigwi na mtu mmoja. Kenya haijamnyonga mfungwa tangu 1987, lakini sheria ingali pale.

*Binamu yangu aliamka hotelini bila saa wala viatu. Wenzake wanacheka eti "aliwekewa mchele". Mbona mchele? – Msomaji, South B*

Ni dawa ya kulevya iliyotiwa kwenye kinywaji chake. Mtaa ukishapata neno hauliachi lipoe: kutoka mchele wakafika pishori, ule mchele wenye harufu nzuri wa Mwea, na sasa ndilo jina la kina dada wanaotajwa kwa kazi hiyo. Mpe pole binamu. Kama bado anasinzia au kichwa kinamzunguka, mpelekeni hospitali kwanza, kisha polisi.