Ukipewa kazi ya kufunga dampo la taka hatarishi, anza na hesabu za fedha

Wadogo zangu wanaoajiriwa kwenye kampuni za uhandisi wa mazingira huku Marekani huniuliza waanze kusoma nini wakipangiwa kufunga dampo la taka hatarishi. Wengi hukimbilia michoro ya mfuniko, yaani tabaka za kuzibia taka kwa juu. Mimi huwaambia waiweke pembeni kwanza, watafute jedwali la makadirio ya gharama. Nimekuwa kwenye kazi hii tangu enzi za kuchota sampuli visimani, na sijaona dampo lililokwama kwa kukosa udongo wa mfinyanzi. Yanakwama kwa kukosa fedha.

Sheria mama ya taka hizi ni ya mwaka 1976, kazini tunaiita RCRA, na iko chini ya EPA, shirika la serikali kuu la kulinda mazingira, ingawa majimbo mengi yameruhusiwa kuisimamia yenyewe. Kanuni za ufungaji ziko sehemu ya 264 ya kanuni za EPA kwa maeneo yenye kibali, na 265 kwa yale ya zamani yaliyoachwa yaendelee huku yakisubiri kibali. Jua eneo lako liko upande upi kabla hujaanza kumnukulia mtu vifungu. Pande zote mbili dai ni moja: eneo lifungwe kwa namna ambayo halitahitaji matengenezo mengi baadaye, na sumu isitoroke kwenda ardhini, majini wala hewani.

Sasa fedha. Mwenye eneo anatakiwa akadirie gharama ya kufunga, kisha aweke dhamana kwamba fedha hizo zitapatikana. Makadirio lazima yawe ya kumlipa mtu wa nje aje afunge, tena yapigwe kwa ule wakati ambao kufunga kungegharimu zaidi kuliko wakati mwingine wowote wa uhai wa dampo. Meneja mmoja aliniletea hesabu nzuri kwa macho: katapila ni la kampuni, madereva wake wanalipwa mshahara tayari, na chini kabisa ametoa thamani ya vyuma chakavu alivyotarajia kuuza. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokubalika. Kanuni inakataza kabisa kupunguza gharama kwa mali utakayouza, au kudai kwamba taka fulani haitagharimu kitu kwa kuwa huenda ikapata mnunuzi. Alinikasirikia kidogo. Lakini fikiria ni lini serikali itazihitaji fedha hizo: siku kampuni imefilisika, katapila limepigwa mnada na madereva wamekwenda zao.

Dhamana yenyewe inaweza kuwa mfuko wa amana, barua ya benki, bima, hati ya kampuni ya udhamini, au kampuni kuonyesha kwa mahesabu yake kwamba ina ubavu wa kulipa. Hii ya mwisho inaruhusiwa, ila binafsi siipendi. Kampuni imara leo si lazima iwe imara kesho kutwa. Kila mwaka makadirio yanapandishwa kufuata mfumuko wa bei. Kwa mliotoka migodini Geita au Kahama, dhamana ya ukarabati iliyo kwenye Sheria ya Madini ya Tanzania ya 2010 ni ndugu wa jambo hili, kwa hiyo hamuanzi na ugeni mtupu.

Halafu kuna uangalizi baada ya kufunga, ambao kwa kawaida ni miaka 30. Hapo unachukua gharama ya mwaka mmoja na kuizidisha kwa idadi ya miaka, basi. Eneo linalokula dola 100,000 kwa mwaka linahitaji dhamana ya dola milioni 3. Mwenye mali akiiona namba hiyo mapema, hushawishika kufanya kitu cha maana: kama alichonacho ni bwawa la majitaka na si dampo, aichimbe taka yote pamoja na udongo uliochafuka, aondoe kabisa, asibaki na deni la miaka 30. Akishindwa kuitoa yote, bwawa linafungwa kama dampo na uangalizi unamhusu. Huo uamuzi ndio mkubwa kuliko yote, na unafanyika mezani, si shambani.

Kalenda nayo inabana. Mamlaka ipewe taarifa angalau siku 60 kabla hujaanza kufunga. Baada ya kupokea taka ya mwisho una siku 90 za kuishughulikia taka yote iliyopo, na siku 180 za kumaliza ufungaji. Kazi ikiisha, ndani ya siku 60 cheti kipelekwe kikiwa na sahihi ya mwenye eneo na ya mhandisi mwenye leseni. Katika majimbo ya kaskazini, usikubali siku hizo 180 ziangukie majira ya baridi, maana udongo ulioganda haushindiliki. Ukiona hutawahi, ombi la kuongezewa muda lifike siku 30 kabla muda haujaisha. Siku 29 umechelewa.

Mfuniko wenyewe nitaugusa tu. EPA hupendekeza sentimita 60 za udongo wa juu wenye nyasi, sentimita 30 za mchanga wa kutolea maji, kisha plastiki nzito juu ya sentimita 60 za mfinyanzi ulioshindiliwa kiasi kwamba maji hupenya kama sentimita 3 kwa mwaka. Ila kanuni inashikilia jambo moja: mfuniko usipitishe maji zaidi kuliko sakafu ya dampo. Ukipitisha zaidi, dampo linajaa kama beseni.

Kumbukumbu za ardhi nazo zisisahaulike. Pale Love Canal, mjini Niagara Falls, kampuni ya Hooker ilifukia tani zipatazo 21,000 za kemikali kati ya 1942 na 1953, kisha ikaiuzia bodi ya shule kiwanja hicho kwa dola 1. Onyo lilikuwemo kwenye hati ya mauziano. Shule ikajengwa, nyumba zikafuata, mfinyanzi uliofunika kemikali ukatobolewa, na mwaka 1978 Rais Carter akatangaza hali ya dharura. Leo kanuni inataka ramani ya mpima ardhi ifike kwa mamlaka ya mipango ya eneo, na maelezo yaandikwe kwenye hati ya umiliki. Usiishie kwenye risiti ya kuwasilisha maelezo hayo. Mimi huenda ofisi ya kumbukumbu za ardhi ya kaunti nikatafute kiwanja kama mnunuzi wa kawaida, nione kama ilani inajitokeza. Imewahi kunitokea haikujitokeza, kwa sababu ilifunguliwa faili kwa jina la kampuni iliyokwishabadili jina.

Mwisho, usiichukulie miaka 30 kama tarehe ya kuhitimu. Mamlaka inaweza kuifupisha au kuiongeza, na mwaka 2016 EPA ilitoa mwongozo kuhusu hilo kwa sababu maeneo yaliyofungwa miaka ya 1980 yalikuwa yanakaribia kikomo. Ukikabidhiwa faili la namna hiyo, chora grafu ya kiasi cha majimaji yaliyopampwa kutoka chini ya taka mwaka hadi mwaka. Kama mstari bado haujashuka, usimwahidi mwenye mali kwamba anakaribia kuacha kulipa.