Maswali ya wasomaji: Flipa iko mu salo, kamera iweke wapi?

Juma hii barua karibu zote zimekuja juu ya flipa, ile mashini ya gololi ya chuma, vikono viwili chini, vitre (kile kioo) juu na makengele kila upande. Sikutegemea kabisa. Inaonekana hapa Lubumbashi kuna vijana wanaziokota zile za zamani, wengine wanaletewa na ndugu zao wa Ubelgiji ndani ya kontena, wanazifufua, halafu sasa wanataka watu wawaangalie live. Haya, tuanze na mwenye maneno mengi.

Yaya, jambo sana. Mi niko Kamalondo, tuko na flipa moja ya baba mukubwa, inatembea muzuri, ampuli zote nilishabadirisha nikatia za LED. Nilijaribu live na telefone, niliifunga ku kiti, kiti nikakiweka juu ya meza. Bantu banasema gololi habaione, picha inapiga-piga kama disko, na mu vitre banaona tu sura yangu na ampuli ya plafo. Ndugu yangu anasema ninunue kamera ya bei, tena tatu. Ni kweli?

Mdogo wangu, weka pesa yako mfukoni kwanza. Shida tatu umeandika na hakuna hata moja imetoka ku kamera, zote ni za mwangaza, na ukinunua kamera ya bei itakuonyesha sura yako mu vitre vizuri zaidi, ni hivyo tu.

Anza hivi. Zima flipa, zima taa zote isipokuwa zile unazotumia kwa live, weka telefone mahali itakaa, halafu angalia picha yake. Vitre itakuwa nyeusi, na kila kitu utakachoona kinang'aa ndani yake (ampuli ya plafo, dirisha, tisheti yako nyeupe) njo adui. Kamera inaangalia chini, vitre ni kama miroa, kwa hiyo inakurudishia kila chenye kuwaka huko juu karibu na kamera. Ampuli ya plafo izime, usijadiliane nayo. Rido ifunge. Juu ya kamera pale ku plafo bandika kitambaa cheusi kisichong'aa, na wewe mwenyewe vaa nguo ya giza, hata kama baba mukubwa anapenda uonekane na shati ya sikukuu.

Taa zako ziwe mbili, moja kushoto moja kuume, pembeni kabisa ya mashini, zikilaza mwangaza kwa mshazari. Mwangaza unaoingia kwa pembeni unaruka kwenda ukuta wa upande mwingine, haurudi ku kamera. Lakini usiziteremshe chini sana juu mbao za pembeni zitatupa kivuli na ile njia ya kando gololi itapita gizani. Unazipandisha kidogo kidogo ukiangalia picha mpaka kivuli kinatoka na vitre inabaki safi, mahali hapo pako katikati, utapaona. Na usimwage mwangaza mingi mpaka taa za flipa yenyewe zififie, watu wamekuja kuangalia zile taa. Gololi yenyewe ina upana wa milimeta 27 tu na inang'aa, haina rangi yake, tunaiona kwa sababu inabeba alama za taa mgongoni. Taa mbili za pembeni zinaipa alama mbili, na jicho linaifuata bila taabu.

Sasa hiyo disko. Umeme wetu ni wa hertzi 50, maana yake taa inapanda na kushuka mara 100 kwa segonde. Ampuli ya zamani ya waya ilikuwa na joto, haiwahi kupoa kabla mwangaza haujarudi, lakini LED inazimika palepale na kamera inakamata kila kuzimika. Mu flipa nyingi za zamani taa za ndani zinakula umeme huohuo wa kupanda na kushuka, kwa volti 6 na kitu, njo maana ulipotia LED mambo yakaharibika. Dawa: fungua mipangilio ya kamera ku programu inayokuruhusu kushika kila kitu kwa mkono, tafuta pale wanapouliza 50 ao 60, weka 50, halafu muda wa kufungua jicho la kamera uweke 1/100 ya segonde. Hapo kila picha inabeba mpandisho mmoja kamili wa taa na kupiga-piga kunaisha. 1/50 pia inafanya kazi kama unarekodi picha 30 kwa segonde, ila gololi itavuta mkia kama nyota. 1/100 inataka mwangaza zaidi, njo sababu nimeanza na taa. Kama bado kuna ampuli mbili tatu za ndani zinakataa, hizo badilisha, ziko LED zenye kapasita ndani ambazo hazizimiki katikati.

Ukiwa hapohapo, funga vitu vyote ambavyo kamera inapenda kujifanyia. Fokasi ifunge, sivyo kila mkono wako ukipita itakimbilia mkono na kuacha gololi. Mwangaza ufunge, sivyo flipa ikiwasha taa zote za bonasi picha nzima inaingia giza. Rangi pia.

Kamera iwekwe juu ya katikati ya uwanja, na picha igeuzwe isimame wima, juu uwanja wa flipa za kawaida una upana wa sentimita 51 hivi na urefu wa 107. Ukiuchukua kwa kulala, nusu ya picha ni sakafu. Mu ordinatere tumia OBS Studio, programu ya kurusha live, ni ya bure, unabofya ile picha kwa kitufe cha kuume unaizungusha digrii 90, basi. Chagua picha 60 kwa segonde kama telefone inaweza. Piga hesabu: gololi ikienda mita 2 kwa segonde, kwa picha 30 inaruka karibu sentimita 7 kati ya picha na picha, kwa 60 ni kama sentimita 3 na kitu. Mwenye kuangalia anasikia tofauti hata kama hajui ni nini.

Kile kiti juu ya meza kitoe leo. Flipa inasukumwa, ni sehemu ya mchezo, na kila kitu kinachoigusa kitatikisika. Mwendee suderi wa kwenu, akuunganishie bomba mbili za chuma kama herufi L iliyogeuzwa, mguu wake ukae nyuma ya mashini bila kuigusa, na mfuko wa mchanga juu ya mguu. Funga pia kamba ya pili ya usalama ku telefone. Ile vitre ni ngumu lakini ikipigwa vibaya haitoki ufa, inageuka punje punje yote mara moja, na punje zinaingia mu kila tundu la uwanja.

Kamera tatu? Hapana, moja. Mwezi ujao ya pili kwa ajili ya hesabu ya pointi, na hiyo ishikiwe mipangilio yake mbali, kwa sababu ile skrini ya vidoti vya rangi ya chungwa nayo inapiga-piga kwa mwendo wake na utabidi utafute muda wa kufungua jicho mpaka inatulia. Ya sura yako ije mwisho. Na siku ukiwa nazo zote, usizichomeke mu USB moja ya kugawa, kila moja ku tundu lake la ordinatere, sivyo mbili zitaonekana na ya tatu itabaki nyeusi na utafikiri imekufa.

Mtukufu fundi, mi ni mama, nakaa Bel-Air. Mutoto wangu anafanya hii live ya flipa kila jumamosi na marafiki wake ba Ulaya. Bananiambia kelele ya mashini inameza sauti yake, na mvua ikianguka ku tole hatusikie kitu tena. Sasa anataka kukata nyaya za bafle ya mashini aingize mu ordinatere. Nimuache?

Mama, tafadhali umkataze kabla ya jumamosi. Nyaya za bafle zinabeba nguvu iliyokwisha kukuzwa, zimefanywa kusukuma bafle, na tundu la mikro la ordinatere linategemea kitu kidogo sana kuliko hapo. Anaweza kuchoma ordinatere, anaweza kuchoma kadi ya sauti ya flipa, na hiyo kadi hapa mjini hataipata. Kama anataka lazima achukue sauti kwa waya, kuna kiboksi cha kushusha nguvu chenye transfoma ndogo ndani, kinakaa katikati, na kinaondoa pia ule mngurumo wa mmmm unaokuja mashini na ordinatere zikiwa ku prize mbili tofauti. Na hiyo prize ya flipa iwe na masi ya kweli, ule mguu wa tatu, sio wa kupamba.

Lakini mi ningemshauri asichukue kwa waya. Wapenzi wa flipa wanataka kusikia mbao na chuma: vikono vikipiga tak tak, gololi ikigonga raba, na ule mlio mkavu, PAA, kinyundo kinapogonga mbao mtu akishinda mchezo wa bure. Hivyo havipiti ku waya ya bafle kabisa. Achukue mikro ndogo ya pili, aielekeze chini ya tumbo la mashini, mbali kidogo na bafle, na aishushe.

Sauti yake mwenyewe: kaske yenye mikro karibu na mdomo, vidole viwili hivi, kidogo pembeni ili pumzi isigonge. Mikro ikiwa karibu na mdomo unaishusha nguvu, na ukiishusha nguvu, flipa inashuka nayo, mvua inashuka nayo. Hakuna programu inafanya hivyo vizuri kama umbali. Mu OBS mistari ya sauti ina rangi tatu: sauti yake icheze kwenye njano, kati ya desibeli -20 na -9, mashini ibaki kwenye kijani, nyekundu isiguswe. Halafu aweke kile kichujio cha kuzuia kilele (Limiter) ku mikro ya mashini, juu ile PAA itavunja masikio ya mwenye kaske. Mvua ya mwezi wa kwanza ikiamua, mama, tapi chini na rido nzito zinasaidia mwangwi wa chumba lakini tole ni tole, asubiri ipite.

Amuulize pia mmoja wa wale marafiki kama sauti inawahi picha. Kamera huchelewa kidogo. Apige kikono kimoja mara tano mbele ya kamera akiwa anarekodi, aangalie kama tak inakuja kabla kikono hakijapanda, halafu aongeze ucheleweshaji ku sauti, kwa milisegonde, mpaka vinakutana.

Fundi, niko Katuba. Forfe ya mega inakwisha mbele ya mchezo kuisha, na umeme inakatika. Nifanye nini?

Hesabu kabla ya kubonyeza. Picha ya 720 kwa kilobiti 2500 kwa segonde, pamoja na sauti, inakula karibu giga 1.2 kwa saa. Ukipanda mpaka 6000 ni kama giga 2.7. Watu wengi wanakuangalia ku telefone, 720 inatosha, na picha thabiti ya 2500 ni bora kuliko ya 6000 inayoganda kila gololi. Pima kasi ya kupandisha, sio ya kushusha, saa ileile utakayocheza, na utumie nusu yake ao zaidi kidogo, usiimalize yote. Kama live ni ya YouTube, kumbuka mara ya kwanza kuifungua wanaweza kukungojesha mpaka saa 24, na ku telefone wanataka uwe na wafuasi 50. Ku ordinatere hawaulizi hesabu hiyo.

Umeme: ordinatere iko na batri yake, modemu itafutie betri ndogo ya kuibeba, hivyo delestaji ikija live haikatiki, mashini tu njo inalala na wewe unabaki kupiga domo na watu. Chomoa flipa palepale. Umeme ukirudi ngoja dakika chache utulie, halafu ndiyo uichomeke. Kama unatumia grupu (jenereta), pitisha ku stabilizatere. Konvertisere (zile za kugeuza umeme wa betri) za bei ya chini zinazotoa umeme wa ngazi-ngazi zinafanya transfoma ya flipa ingurume na kupata joto, sikia kwa mkono ku mbao za chini. Na kama mashini yako imetoka moja kwa moja Marekani, Gottlieb, Bally na Williams zote zilitengenezwa Chicago na eneo lake, soma karatasi iliyo nyuma kabla ya yote: nyingi zimefungwa kwa volti 120. Mara nyingi fundi anaweza kubadilisha viunganishi vya transfoma ikubali 220, lakini ni kazi ya fundi.

Kwa nini nisitoe tu vitre yote? Hakuna vitre, hakuna miroa. (Kijana wa Kampemba)

Juu gololi ina gramu 80 na kikono kinaweza kuirusha hewani, na juu yake pale uko na telefone, na mbele yake uko na meno. Wako wanaotoa, najua, na picha yao ni nzuri. Wewe iache. Ifute tu kabla ya kila live kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi, upande wa chini pia, huko ndiko kunakaa ule mvuke mweusi wa vumbi la vikono ambao taa za pembeni zinaufichua vibaya sana.