Kwa nini kampuni zishurutishwe kuzuia methani?

Swali: Ikiwa methani ndiyo gesi ileile inayouzwa, kwa nini serikali zilazimike kuwashurutisha wachimbaji wa mafuta na gesi waizuie isivuje?

Jibu: Msomaji wetu, hesabu ya mchimbaji haifanani na ya jamii. Kisima cha mafuta kikiwa mbali na bomba, kuikusanya gesi inayotoka nayo huweza kugharimu kuliko mapato yake, hivyo huchomwa au huachiwa hewani. Na kwa kuwa methani haina rangi wala harufu, vali iliyolegea huweza kuvuja kwa miezi bila mtu kutambua. Hasara inatuangukia sote, kwani katika kipindi cha miaka 20 tani moja ya methani huongeza joto la dunia zaidi ya mara 80 kuliko tani ya kaboni dioksidi.

Ahadi ya Dunia ya Methani ya mwaka 2021 inalenga kupunguza methani inayotolewa hewani kwa asilimia 30 ifikapo 2030, ikilinganishwa na kiwango cha 2020, ila ni ya hiari. Kwa maoni yetu, kinachofaa zaidi ni sheria yenye ukaguzi. Norwei iliwekea mipaka uchomaji wa gesi tangu miaka ya 1970, kisha ikautoza kodi mwaka 1991. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 inawataka waendeshaji wapime, watafute mivujo na kuiziba kwa muda uliowekwa. Mienge, yaani mabomba yanayochomea gesi isiyokusanywa, nayo ikaguliwe (jambo linalosahaulika mno), kwa sababu mwenge uliozimika humwaga methani yote bila kuungua.